Mwalimu na Cherehani Isiyo na Kichwa

Mwalimu aliichukia baridi ya Mbeya kama mtu anavyomchukia shemeji aliyehamia nyumbani bila kualikwa. Alikuja huku bara kukaa mwaka mmoja tu, ndivyo alivyopenda kusema, na kila mwezi wa sita ulipoingia alitangaza kwamba baridi hii ndiyo ya mwisho, mwakani haitamkuta. Mkewe alicheka huku akipuliza mkaa. Tangazo hilo alikwisha kulisikia mpaka likamchosha.

Sikuwahi kumwona bila koti. Lilikuwa koti zito la kijeshi, alilolinunua kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vitani, na alilivaa juu ya kanzu asubuhi na mchana, hata siku ambazo sisi wengine tulitafuta kivuli. Watoto aliowafundisha Kurani walimwita Mzee Koti. Alijua, ila alijifanya kiziwi. Mimi niliolewa nyumba ya jirani, mume wangu akiwa na duka dogo la chumvi, mafuta ya taa na vikorokoro, na kati ya ua wetu na wao palikuwa na matete tu. Matete hayazuii maneno. Mengi ninayoyajua juu ya Mwalimu niliyasikia nikiwa nachambua mchele.

Kwa fimbo hakuwa na mchezo. Mtoto aliyekosea herufi alipata chake hapo hapo, na vilio vyao vilinifikia jikoni. Lakini mkono uleule uliochapa ulikuwa ukimkuna paka, maana paka walimlalia mapajani darasa zima, na walikuwa wanene kuliko wanafunzi. Nilimwambia siku moja, "Mwalimu, hawa paka wangejua kusoma wangekuwa masheikh." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema paka hasahau somo, kwa sababu hakulisikiliza tangu mwanzo.

Alipenda sukari kupita kiasi. Chai yake ilikuwa karibu uji. Na alijiona bingwa wa kupatana bei, jambo lililokuwa kichekesho cha soko zima. Miaka yote ile Kisafwa chake, lugha ya wenyeji wa hapa, kilikuwa salamu tu, pamoja na "ndaga" ya kushukuru aliyoiokota kwa Wanyakyusa. Kina mama walioshuka milimani na viazi walimwona anakuja na koti lake, wakapandisha bei, yeye akaishusha kwa vidole na kelele mpaka ikafikia ile ya kila mtu, halafu wao kwa kumhurumia wakamwongezea viazi juu. Alirudi nyumbani anatembea kifua mbele.

Kazi yake nyingine ilikuwa kugawa mirathi. Wenye asili ya pwani hapa mjini, na hata wale wa hapa hapa waliosilimu, walimwita baada ya arobaini. Hakutumia kalamu. Alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye maharage, akiwaketisha warithi kwenye mkeka na kumwekea kila mmoja punje zake mbele yake: mwanamume mbili, mwanamke moja, kila mtu aone kwa macho. Mtu akinung'unika, Mwalimu alisema neno lake lilelile, "Mungu ameshagawa, mimi nahesabu tu." Watu walitulia. Ukiona fungu lako limelala mbele yako juu ya mkeka, unakosa pa kuanzia ugomvi.

Kwa hiyo mtu angedhani alikuwa jiwe. Hakuwa hivyo kabisa. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumkatalia mtu ana kwa ana. Sheria aliijua, ila uso wa mtu ulimshinda.

Kulikuwa na mama mmoja mtaani aliyeibiwa kuku, akaja kutaka asomewe halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi ambayo watu wanaiogopa kuliko polisi. Mwalimu mwenyewe aliiogopa kuliko wote. Alikuwa akisema halbadiri ni panga lisilo na mpini, anayelishika hajui litamkata nani. Lakini je, alimwambia yule mama hapana? Thubutu. Alimwambia ana mafua. Akaja tena, akaambiwa mwezi haujakaa sawa. Akaja tena, akaambiwa ubani umekwisha. Mwishowe Mwalimu alikwenda sokoni na koti lake, akanunua kuku wa rangi ileile, akamwachia uani kwa yule mama asubuhi na mapema. Yule mama akatangaza mtaa mzima kwamba kuku wake amerudi kwa kuogopa halbadiri ambayo haikusomwa. Tulicheka sana. Siku hizi nikilikumbuka lile jambo silioni la kuchekesha.

Cherehani hainunuliwi sokoni kama kuku. Hapo ndipo Mwalimu alipokwama, na hapo ndipo tulipokwama sote.

Fundi mmoja wa nguo, mzee aliyekuwa na kibanda chake karibu na soko, aliugua wakati wa masika. Mkewe alikwisha kufa. Alikuwa na watoto watatu. Mkubwa ni Salum, dereva wa lori, siku hizo akiendesha njia ya Tunduma. Anayemfuata ni Hamisi, aliyekuwa Chunya akichimba dhahabu na kupata vumbi tu, na huko ana mke na mtoto. Wa mwisho ni Zuhura, shoga yangu, aliyeachwa na mumewe akarudi kwa baba na mwanawe mgongoni. Zuhura ndiye aliyejifunza ushonaji kwa baba yake. Hakuwa na kingine duniani.

Mzee alipoona hali imekuwa mbaya alimwita Mwalimu, akasema mbele ya watoto, "Cherehani ya Zuhura." Mwalimu alijua kwamba mrithi hausiwi kitu mpaka warithi wenzake waridhie. Alipaswa kulisema palepale, na wale ndugu wangeridhiana baba yao akiwasikia. Hakusema. Angemkatalia vipi mtu anayekufa? Alimshika mkono tu, akasema, "Imesikika." Mzee akaendelea kuhangaika, ulimi ukiwa mzito, akirudia neno moja: "Iringa. Iringa." Iringa ndiko alikojifunza kazi ujanani, na kila mtu mle chumbani alidhani anakumbuka kwao kwa zamani. Mwalimu akampangusa jasho akamwambia, "Iringa ipo, mzee wangu. Tulia." Akatulia. Hamisi ndiye aliyekesha naye siku zile za mwisho, na ufunguo wa kibanda ulikuwa chini ya mto wa mgonjwa.

Baada ya arobaini wakaketi mkekani. Maharage yakapangwa: mawili, mawili, moja. Ndipo Mwalimu akaitoa habari ya cherehani, amechelewa, na kuuliza kama wanaridhia.

"Mimi naridhia," alisema Salum.

Hamisi alitazama punje zake. "Mimi siridhii. Zuhura ataolewa kesho, cherehani ya baba ikashonee ukoo wa watu. Na mimi mwanangu anakula nini? Iuzwe."

Zuhura alilia, Salum alifoka, mkeka ukakunjwa maneno hayajaisha. Lakini asubuhi yake niliwasikia kwenye matete. Hamisi alikuja peke yake. Alisema, "Mwalimu, shikamoo. Jana zilikuwa hasira. Nimeridhia, mpe dada yangu." Mwalimu alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka paka wakakimbia.

Siku hiyohiyo wakaenda kufungua kibanda. Kufuli nzima. Meza ya cherehani ipo, kanyagio lipo, mkanda wa ngozi unaning'inia. Kichwa hakipo.

Sasa fikiri wewe mwenyewe. Nani alikesha na ufunguo? Nani alikataa jana akakubali leo? Kwa Salum hesabu ilikuwa imekwisha. "Umeridhia kwa sababu umeshauza," alimwambia mdogo wake katikati ya soko, watu wakisikia. Hamisi alisema hakugusa. Aliapa kwa kaburi la mama yao. Zuhura alisimama pale na uzi mdomoni, hakusema lolote, na kutosema kwake kulimuumiza Hamisi kuliko matusi ya Salum. Nilimwona usoni.

Salum akataka halbadiri. Mwalimu akaugua mafua. Mwezi ukawa haujakaa sawa, ubani ukaisha. Salum akaleta ubani wake, akaleta na wazee wa msikiti, akakaa barazani kwa Mwalimu tangu kahawa ya asubuhi. "Kama hutaki kusoma, basi unamjua mwizi," alisema. Nilimsikia mke wa Mwalimu akimwambia mumewe ndani, "Mwambie hapana, baba. Neno dogo hilo." Mwalimu akajibu, "Nitamwambiaje, na wazee wote wamekaa?"

Alisoma Alhamisi baada ya alasiri. Moshi wa ubani ulinifikia uani kwangu. Kila dua ilipofika mahali pake watu waliitikia Amina: wazee, Salum, na Zuhura akiwa na wanawake upande wa baraza, sauti yake ikiwa chini chini. Na aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Hamisi. Mtu asiye na kosa anaogopa nini? Baadaye watu walilishika hilo pia. Walisema, mwoneni alivyokuwa na uso mkavu.

Kesho yake alipanda lori la Chunya. Zuhura alikuwa mlangoni kwangu. Hamisi alisimama mbele yake na furushi lake, akasema, "Ikionekana, nishonee shati." Zuhura aliangalia chini.

Mvua hazijakatika, habari ikaja kwamba shimo limeporomoka huko machimboni na Hamisi alikuwa ndani. Wenzake walimfukua, wakamzika hukohuko. Mjini Mbeya hakuna aliyeuliza mvua ilikuwa kubwa kiasi gani, au nguzo za shimo zilikuwa mbovu. Walisema, "Imemshika." Walilisema kwa utulivu, wakilipima kama wanavyopima chumvi dukani kwangu. Zuhura alitaka kwenda msibani. Salum akamwambia, "Mwizi hana matanga," naye akavua baibui akakaa.

Mwalimu akawa mtu mkubwa. Walikuja kutoka Tukuyu, walikuja kutoka Usangu, na kuku, na mafungu ya sukari, wengine mbuzi wao wameibiwa, wengine wake zao wametoroka. Yule mpenda sukari alirudisha sukari yote. Aliacha na kuitia kwenye chai. Nilidhani ni majivuno, na nikamwambia mume wangu kwamba Mwalimu sasa anajifanya walii.

Kisha barabara ikakauka, na lori moja la kwenda mpakani likasimama mbele ya duka letu. Dereva, mgeni kabisa, akashusha kitu kizito kwenye gunia akauliza nyumba ya fundi wa nguo. Mume wangu akamwambia fundi amekufa. "Najua," alisema dereva, "nimeambiwa huko Iringa. Hiki ni kichwa cha cherehani yake." Akaeleza. Mzee mwenyewe, bado ana nguvu za kunong'ona, alimwita siku alipoleta mzigo kwa jirani. Alimpa ufunguo akichukue kichwa, aurudishe ufunguo chini ya mto, akipeleke Iringa kwa fundi wa mashine waliyejifunza naye kazi, maana wa hapa hakuwaamini. Malori yalikwama kwenye tope huku na kule masika nzima. "Alisema binti yake hatarithi kitu kibovu," dereva akamalizia. "Alitaka akikute kimya, kinakwenda kama maji."

Mwalimu alikuwa amekuja kununua kiberiti. Alikaa chini kwenye vumbi, na koti lake, kama mtoto.

"Iringa," alisema. "Alikuwa ananiambia Iringa. Nami nikamwambia atulie."

Ijumaa ile alifanya jambo ambalo sikumdhania. Mtu asiyeweza kumkatalia mama wa kuku alisimama baada ya swala mbele ya msikiti mzima, akasema Hamisi hakuiba, akaeleza kila kitu, akasema yeye Mwalimu amemsomea mtu safi. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Wakamshika mkono mmoja mmoja. Na kufika magharibi mji wote ulikuwa na habari yake mwenyewe: halbadiri imekirudisha kichwa, aliyekinunua Iringa ameogopa kufa kama Hamisi. Mume wangu, aliyemsikia yule dereva kwa masikio yake, aliniambia huku anamega ugali, "Mwalimu anamsitiri marehemu. Mtu mwema sana." Nilimwondolea sahani mbele yake. Hakuelewa kwa nini, na sikumweleza, maana niliona nikieleza naye atanitikisia kichwa.

Zuhura alikifunga kichwa mezani. Kitu cha kwanza alichoshona ni shati la kijivu, mifuko miwili kifuani, kwa kipimo cha Hamisi alichokijua kwa macho. Akalipasi, akalifunga kwenye gazeti, akamletea Mwalimu. "Wewe ulimsomea," alimwambia. "Mpelekee."

Akampelekea. Alisafiri mpaka Chunya na lile furushi, akampa mjane. Mjane hakulipokea. Alisema mwanawe hachezi na wenzake, wanamwita mtoto wa mwizi, hata wazazi wanawafundisha. "Shati litamfaa nini? Aje Salum, kaka yake mkubwa, aseme hapa, mbele ya watu, kwamba Hamisi hakuiba. Akishasema, nitalipokea, na mtoto atalivaa akikua." Mwalimu akarudi nalo.

Hakufundisha tena. Watoto wakahamia kwa mwalimu mwingine, mkewe akaenda pwani kwa binti zake akamwambia amfuate, akasema atamfuata. Siku Mwalimu mwenyewe alipoondoka alinipa mfuko wa maharage juu ya matete, akasema, "Mama Asha, pika haya." Niliyachemsha kutwa nzima. Yalikuwa makavu kwa miaka ya kushikwashikwa, yakagoma kuiva, nikawamwagia kuku.

Nilidhani amekwenda pwani. Sikumwona tena mpaka karibu na mwisho wa miaka ya hamsini, dada yangu alipojifungua Iringa nami nikaenda kumwuguza. Mume wangu aliniombea nafasi mbele kwenye lori la Salum, ambaye sasa alikuwa amehamishiwa njia ile. Madereva wote husimama Nyololo, katikati ya njia, wakanywa chai. Salum alikanyaga mafuta. Nilimwambia kiu imenishika, akasema, "Shemeji, tutakunywa mbele." Lakini gari lina mambo yake. Hatujayapita mabanda, rejeta ikaanza kuchemka na mvuke ukafunika kioo. Ikabidi asimame.

Kutoka kwenye banda la chai akatoka mtu mwenye koti la kijeshi na debe la maji.

Amekonda. Koti lilikuwa limemvaa yeye. Nilishuka nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia kama tulionana jana, akauliza habari za Asha na za paka. Mama wa banda akaniamkia kwa lugha ya huko akicheka, "Kamwene, kumbe babu ana ndugu! Huyu anakaa hapa anaangalia malori tu, kila lori analipelekea maji." Mwalimu hakumsikiliza. Alimimina maji kwenye rejeta taratibu, bila kumwaga, kisha akaweka debe chini, akatoa kifuani kwenye koti furushi la gazeti, limechakaa pembeni kwa jasho.

"Salum, mwanangu," alisema. "Siku moja tu. Twende Chunya, useme neno moja, turudi. Nauli ninayo."

Salum alikuwa ameinamia injini ambayo haikuhitaji tena kuinamiwa.

"Maneno ya dereva yule uliyasikia," alisema Mwalimu. "Unajua hakuiba."

"Najua."

Alilisema waziwazi, mimi nimesimama pale.

"Basi liseme kwa mjane."

Salum akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa mvuke. "Mwalimu, nani alileta ubani? Nani alikaa barazani kwako akakataa kuondoka? Nikisema hakuiba, mimi nimeua ndugu yangu. Nina watoto wanne. Nitalala nao vipi nyumba moja?" Akashusha boneti. "Mwache awe mwizi. Yeye amekwisha kufa, haimuumi."

Nilimtazama Mwalimu. Nilitaka apige kelele, amchape kwa debe lile, afanye kama alivyowafanyia watoto wa alifu. Alisimama na shati lake mikononi, na ugonjwa wake wa zamani ukamrudia mbele ya macho yangu. Uso wa Salum ulimshinda.

"Imesikika," alisema.

Akaokota debe, akarudi bandani. Nilipopanda lori nilimwona amekaa kwenye benchi, anaangalia barabara upande wa Mbeya, kule malori yanakotokea.

Salum hakuongea njia nzima. Neno nililokuwa nalo halikufaa kusemwa na mtu anayemwegemea mwenzake kwa nafasi ya gari. Jua lilikuwa limeanza kuzama, taa za kwanza za Iringa zinaonekana kilimani, ndipo alipouliza, bila kunigeukia, "Shemeji, lile shati ni la rangi gani?"

"La kijivu," nikamwambia. "Lina mifuko miwili."

Akaitikia kwa kichwa, akabadilisha gia, tukaanza kupanda mlima.